Mzee ana Parkinson, chati inasema 6/6, lakini haoni vizuri

SWALI: Habari daktari. Baba yangu ana miaka 69 na amekuwa na Parkinson kwa miaka 6. Anameza levodopa na kabidopa mara tatu kwa siku, na tangu mwaka jana ameongezewa benzhexol kwa sababu ya mkono kutetemeka. Tunaishi Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu. Amebadilisha miwani mara mbili kwa mwaka mmoja na bado analalamika haoni. Akisoma Biblia maandishi yanakuwa mawili mawili. Macho yanamtiririka machozi kutwa. Anamwaga chai pembeni ya kikombe na anakosea ngazi akishuka. Kwenye duka la miwani wanasema anaona 6/6, yaani kawaida. Mwezi jana alianza kusema jioni kuna watoto wamekaa kwenye kona ya sebule. Tulimpeleka akapigwa picha ya retina kwa mashine, tukaambiwa imekuwa nyembamba, huenda ni glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa neva wa jicho, na tukaandikiwa matone ya timololi ambayo hatujaanza. Je, shida ni macho, ubongo au dawa? Na tuanzie wapi?

JIBU: Dada, nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Anzeni na hao watoto wa kwenye kona na hiyo benzhexol, tena wiki hii, kwa daktari anayemtibu Parkinson. Miwani, machozi na retina yatafuata, na mengi kati ya hayo yanatibika. Kuhusu lile la kwanza: ni macho, ni ubongo, na ni dawa, vyote kwa pamoja, ndiyo maana miwani mipya haijasaidia. Kila lalamiko ulilolitaja lina chanzo chake na kipimo chake.

Kuona watu au wanyama wasiokuwepo ni jambo linalowapata wagonjwa wengi wa Parkinson ugonjwa ukishakaa miaka kadhaa, hasa jioni na kwenye mwanga hafifu. Jicho likileta picha pungufu, ubongo hujaza mapengo kwa picha zake. Wazee wengi huficha jambo hili kwa kuogopa kuambiwa wamerogwa au wameingiliwa na mapepo, kwa hiyo kwamba baba yako amewaambia ni heri kubwa. Msibishane naye na msimcheke. Muulize kwa upole kama yeye mwenyewe anaamini watoto hao wapo kweli au anajua ni macho tu, kwa sababu jibu lake litamsaidia daktari kujua hali imefika wapi. Washeni taa ya sebule kabla giza halijaingia, na muondoe koti au nguo zinazoning'inia kwenye kona hiyo.

Kisha tafuteni kilichochochea. Kwa mzee, maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa maji ya kutosha mwilini, kufunga choo siku nyingi au dawa mpya vinaweza kuleta mauzauza ndani ya siku chache. Kipimo cha mkojo ni cha bei nafuu na kifanyike kabla ya jambo lolote lingine. Lakini kwa maelezo yako, mshukiwa wangu wa kwanza ni benzhexol. Dawa hii hupunguza mtetemeko, ndiyo, ila kwa mtu aliyepita miaka 65 huvuruga kumbukumbu na huweza kuleta mauzauza. Pia hupanua mboni, hulegeza msuli unaokaza lenzi wakati wa kusoma, hukausha mate na machozi, na hufanya mkojo na choo kuwa shida. Ona ni malalamiko mangapi ya baba yako yamo kwenye orodha ya kidonge hicho kimoja. Hata hivyo, msiikatize ghafla. Ikikatwa kwa siku moja, mwili unaweza kukakamaa na mzee akachanganyikiwa zaidi. Daktari ataipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kama mauzauza yataendelea, ataangalia dawa nyingine kama amantadini au pramipexole iwapo anazitumia. Levodopa huguswa mwisho.

Hapa nitasisitiza kwa nguvu zote. Mtu akiona mauzauza, mara nyingi familia hukimbilia dawa za "kumtuliza". Haloperidoli na Largactil huziba dopamini, yaani ile kemikali yenyewe ya ubongo ambayo mgonjwa wa Parkinson amepungukiwa. Akipewa anaweza kukakamaa kitandani asiweze hata kumeza. Vivyo hivyo Plasil ya kuzuia kutapika na Stemetil ya kizunguzungu, ambazo hutolewa kwa urahisi sana kwenye maduka ya dawa. Andikeni majina haya manne kwenye karatasi, mpigie picha, na kila mmoja wa familia awe nayo kwenye simu. Kama dawa ya mauzauza itahitajika kweli, zipo zinazofaa, kama quetiapine kwa kiasi kidogo, lakini hilo ni la daktari wa neva kuamua.

Sasa tuje kwenye 6/6, jambo linalozichanganya familia nyingi. Chati ya duka la miwani ina herufi nyeusi tititi juu ya ubao mweupe wenye taa. Inapima kama jicho linaweza kutambua herufi ndogo kwa mbali, basi. Haipimi kama mtu anaweza kutenganisha kitu na rangi iliyo nyuma yake, na uwezo huo ndio Parkinson huugusa mapema. Dopamini haifanyi kazi kwenye mwendo wa mikono na miguu peke yake. Ndani ya retina, lile tabaka la neva lililotandazwa nyuma ya jicho, zimo seli zinazotoa dopamini, na kazi yake ni kulirekebisha jicho kati ya mwanga mwingi na mwanga mdogo na kunoa mipaka ya vitu. Dopamini ikipungua humo, kijivu na kijivu hafifu huwa kitu kimoja, na rangi za bluu na njano hupoteza nguvu. Ndiyo sababu mzee anaisoma chati yote halafu anamwaga chai: kikombe cheupe juu ya kitambaa cheupe cha meza hakina ukingo machoni pake. Ndiyo sababu ngazi za saruji tupu, kijivu juu ya kijivu, zinamponyoka akishuka.

Uwezo huu una kipimo chake. Kiitwacho chati ya Pelli-Robson kina herufi za ukubwa uleule mmoja, ambazo hufifia kidogo kidogo mpaka zinakaribia kupotea kwenye ubao. Ombeni kwa kulitaja jina hilo kwenye kliniki ya macho. Nyumbani, msingoje kipimo. Ugali msimpe kwenye sahani nyeupe, mpeni kwenye sahani ya bluu au nyekundu isiyo na maua. Chai ya maziwa imiminwe kwenye kikombe chenye ukingo wa rangi iliyokolea, juu ya kitambaa cha rangi tofauti. Zungumzeni na msimamizi wa ploti apake mstari wa rangi ya njano, upana wa sentimita 5, kwenye ukingo wa kila ngazi kuanzia ghorofa ya tatu hadi chini. Ndoo moja ndogo ya rangi inatosha, na majirani wote watafaidika. Kwenye korido wekeni balbu inayowaka mfululizo usiku, kwa sababu jicho lake huchukua muda mrefu kuzoea giza. Kwenye simu, ongezeni ukubwa wa maandishi na nguvu ya mwanga. Mtu anayechanganya 3 na 8 kwenye kioo hafifu atatuma pesa za M-Pesa kwa mtu asiyemjua, kwa hiyo mwekeeni majina kwenye orodha badala ya kuandika namba. Kama bado anaendesha gari, asiendeshe usiku wala alfajiri mpaka apimwe.

Tuje kwenye maandishi mawili mawili. Kuna jaribio la dakika moja. Mwambie asome, na maandishi yakigawanyika, afunike jicho moja kwa kiganja. Yakirudi kuwa moja, shida ni namna macho mawili yanavyoshirikiana. Yakibaki mawili hata kwa jicho moja, shida imo ndani ya jicho lenyewe: ukavu, mtoto wa jicho, au miwani isiyo sawa. Rudieni kwa jicho la pili.

Ikiwa ni ushirikiano, na kwa Parkinson mara nyingi ndivyo ilivyo, pimeni hivi: shika kalamu sentimita 40 mbele ya pua yake, isogeze polepole kuelekea puani, naye akwambie inapokuwa mbili. Pimeni kwa rula kutoka puani. Kwa mtu wa kawaida kalamu hugawanyika ikifika karibu sentimita 10 au chini ya hapo. Ikigawanyika kwenye 20 au 25, basi macho yake yamechoka kujikunja ndani kufuata kitu cha karibu, na kila ukurasa wa Biblia ni vita. Andikeni namba hiyo mwende nayo kliniki.

Tiba yake si miwani ya nguvu zaidi. Ni miwani ya kusomea peke yake yenye prizimu, ambayo huipindisha picha kidogo ili macho yasilazimike kujikunja. Nasema ya kusomea peke yake kwa makusudi. Huenda moja kati ya hizo miwani mbili alizonunua ni ya ile yenye sehemu ya mbali juu na ya karibu chini. Nyingi zinazouzwa kwa watu wa umri wake ndizo hizo. Akishuka ngazi anatazama chini kupitia ile sehemu ya kusomea, na ngazi iliyo mita moja na nusu mbele inakuwa ukungu. Kwa mtu ambaye tayari miguu inasita, hiyo ni njia ya moja kwa moja ya kuvunja nyonga. Awe na miwani mbili: moja ya kutembelea, nyingine ya kusomea akiwa ameketi, kila moja na kamba au kasha la rangi tofauti. Wakati prizimu inasubiriwa, bandikeni karatasi ya gundi isiyoonyesha vizuri kwenye kioo kimoja cha miwani ya kusomea, na atasoma kwa jicho moja bila maumivu ya kichwa.

Kusoma nako kuna hila zake. Katika Parkinson macho hayaruki sawasawa kutoka neno hadi neno. Hufika nusu ya safari, yakajikusanya, yakaruka tena, na mwisho wa mstari yanaangukia mstari usio wake. Kateni karatasi nyeusi ngumu, mtoboe dirisha lenye urefu wa mstari mmoja na kimo cha mistari miwili, aiteremshe ukurasani taratibu. Taa itoke nyuma ya bega. Asome kwa dakika 15 apumzike, na asome wakati dawa imeshika, sio karibu na saa ya dozi inayofuata.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo sitaki lipite. Mwambie akae wima, asiinamishe kichwa, afuate kidole chako kwa macho kikishuka kuelekea tumboni. Kama macho hayashuki kabisa au yanashuka kwa shida kubwa, na kama alianza kuanguka chali mapema tangu ugonjwa uanze, mwambieni daktari wa neva bila kukawia. Yapo magonjwa yanayofanana na Parkinson ambayo huanza hivyo, na matibabu yake hayafanani.

Machozi yanayotiririka, ajabu ni kwamba kwa kawaida yanatokana na ukavu. Mtu mwenye afya hupepesa macho kama mara 15 hadi 20 kwa dakika. Mwenye Parkinson anaweza kupepesa mara tano, au chini ya hapo. Hesabu akiwa anatazama taarifa ya habari na hajui kama unahesabu. Uso wa jicho ukikauka hukereketa, na tezi humwaga machozi mepesi ya dharura yasiyo na mafuta, ambayo hutiririka mashavuni na kuliacha jicho kavu vilevile. Benzhexol huongeza ukavu juu ya ukavu. Na jicho kavu huona ukungu unaokuja na kuondoka, jambo linaloweza kuharibu kipimo cha miwani. Kwa hiyo ukavu utibiwe kwanza kwa wiki nne hivi, ndipo apimwe miwani tena.

Kila asubuhi na jioni, kitambaa safi kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu (jaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako) kiwekwe juu ya kope zilizofungwa kwa dakika 5 hadi 10, kikichovywa tena kinapopoa. Kisha futa ukingo wa kope taratibu ili mafuta yaliyoganda yatoke. Halafu machozi ya bandia, kwa mfano ya haipromelosi, tone moja kila jicho mara nne kwa siku. Ikibidi zaidi ya mara nne hadi sita, nunueni yasiyo na kihifadhi, kwa sababu kihifadhi chenyewe hukereketa jicho. Usiku, malhamu ya macho ya kulainisha. Mikono inayotetemeka isijitilie dawa, mtilieni nyinyi: alale chali, vuta kope ya chini, tone liangukie mfukoni, chupa isiguse jicho. Na msikubali kuuziwa matone yenye steroidi kwa ajili ya "macho mekundu". Huleta nafuu ya siku mbili tatu, na yakitumiwa kwa muda huongeza presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Sasa picha ya retina na timololi. Kuwa nyembamba kwa retina ni jambo la kweli katika Parkinson. Picha zinaonyesha tabaka za ndani kukonda kwa mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hasa kandokando ya kitovu cha kuonea, na kwenye retina za waliofariki zimekutwa chembe za protini ileile inayorundikana kwenye ubongo. Mwaka 2023 watafiti wa London walionyesha kuwa mabadiliko hayo huweza kuonekana miaka kadhaa kabla ya dalili za mwili. Hiyo ni elimu kubwa kwa utafiti, lakini kwa baba yako, ambaye ugonjwa wake unajulikana tayari, picha hiyo haibadilishi tiba ya Parkinson, na hakuna dawa ya kuirudishia retina unene. Msirudie picha kila mwezi mkitafuta nafuu.

Inapokuwa na maana ni kwenye glakoma, na hapo kuna mitego miwili inayopingana. Wa kwanza ni kuita glakoma kila retina nyembamba. Mashine hulinganisha jicho la mgonjwa na kundi la watu ambao wengi wao si Waafrika, ikapaka nyekundu palipokonda. Jicho kavu au kichwa kinachotetemeka pia huharibu picha. Angalieni alama ya ubora wa picha kwenye karatasi ya majibu, na kama ni duni, picha irudiwe baada ya kutiwa machozi ya bandia. Mtego wa pili ni kusema "ah, ni Parkinson tu" na kumwacha mtu apofuke. Glakoma ni ya kawaida sana kwa watu weusi, huwahi kuanza na huiba macho kimyakimya. Kwa hiyo rudini kwa aliyewaandikia dawa, msikae zaidi ya wiki mbili, mkaulize: presha ya jicho ilikuwa ngapi (kawaida ni 10 hadi 21), kikombe cha mshipa wa neva (kishimo cha katikati yake) kimetanuka kiasi gani, pembe ya jicho (mahali maji ya ndani ya jicho yanapotokea) imetazamwa kwa lenzi maalumu, na kipimo cha uwanja wa kuona (eneo lote analoliona bila kugeuza macho) kimefanyika? Swali la pembe lina uzito wa pekee: ikiwa ni nyembamba, benzhexol inaweza kuiziba ghafla, na hata levodopa huhitaji uangalizi.

Kama presha iko juu kweli, dawa ianze, wala sisemi vinginevyo. Ila mwambieni daktari kwamba ana Parkinson na kama huona kizunguzungu akisimama. Timololi hupita kwenye pua ikaingia damuni, ikapunguza mapigo ya moyo na presha ya damu, na kwa mwenye Parkinson ambaye presha yake huanguka akisimama, tone moja linaweza kumlaza sakafuni. Mwenye pumu haimfai kabisa. Zipo dawa nyingine za kuanzia. Ikiwa ndiyo itakayotumika, kila baada ya kutia tone mbonyezeni kona ya ndani ya jicho, karibu na pua, kwa dakika mbili ili ibaki jichoni.

Kwa vipimo hivi mnahitaji daktari wa macho, duka la miwani halitoshi. Kliniki ya macho ya hospitali ya Kenyatta, hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho au kitengo cha macho cha PCEA Kikuyu vyote vinafikika kutoka Umoja kwa siku moja. Pangeni afike apimwe kama saa moja baada ya kumeza levodopa, maana kipimo cha uwanja wa kuona humtaka atulie na kubonyeza kitufe kwa wakati. Akifanyiwa dawa imekwisha nguvu, ataonekana kipofu upande asiokuwa kipofu. Aombe mapumziko kati ya jicho la kwanza na la pili. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, miwani zote za zamani, picha ya retina, na daftari la siku tatu lenye saa za dozi na saa ambazo kuona kulikuwa kubaya zaidi. Akitiwa matone ya kupanua mboni, atakuwa na ukungu kwa saa nne hadi sita, kwa hiyo awe na kofia pana na mtu wa kumshika mkono akipanda na kushuka matatu.

Wala msingoje miadi ikiwa ataona viwili viwili kwa ghafla pamoja na kope kuanguka, mdomo kupinda au mkono kuishiwa nguvu, au jicho likiuma sana, likawa jekundu, na akaona duara za rangi kuzunguka taa huku akitapika. Hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na dawa ya kutapika akiwa huko isiwe Plasil.